Saa Moja Kasoro Robo

King'ora kilikufa mwaka ule wa kupunguzwa,
lakini saa moja kasoro robo bado nashtuka,
mkono ukipapasa chini ya kitanda
kumtolea Mapunda buti zake.
Mapunda nimemzika. Buti zipo.

Hapa ni Kunduchi, upande wa machimbo,
si ule wa hoteli.
Nyumba za kampuni bado zina namba: A4, A5, A7.
A6 ilishuka shimoni na mvua ya masika,
ikaenda na jiko, na kabati, na kalenda
ambayo mwaka wake ulikuwa haujaisha.
Mwenyewe, Bi Sikudhani, alikuwa kwenye foleni ya maji.
Hadi leo akijaza fomu ya mafao
anaandika A6, kwa wino, na kuipigia mstari.
Karani anagonga muhuri.

Mafao. Neno hilo tumelitafuna
mpaka limekuwa bigijii ya jana.
Tumehakikiwa mara nne.
Mara ya tatu kijana wa tai aliniuliza
kama mume wangu yu hai.
Nikamwambia: kwenye faili lenu, ndiyo.

Krasha limeegemea mwamba
kama mlevi aliyesahau njia ya kwake.
Mota wamekula wauza skrepa,
mikanda imevaliwa ikaisha, kandambili baada ya kandambili.
Kimebaki kibati chenye maandishi ya Kirusi,
na mjukuu wangu Tunu hukisoma kwa sauti:
tatu, A, B, O,
halafu kijumba kisicho na mlango.

Anayekijua ni Fundi Kihwele peke yake.
Serikali ilimpeleka huko miaka minne, kwenye theluji,
akarudi na diploma na koti la manyoya
ambalo Dar haikuwahi kulihitaji;
sasa analitandika chini ya kiuno kinachouma.
"Zavodi," anasema. "Kiwanda." Basi.

Juzi, tukimenya mihogo, akaongeza mwenyewe:
mwenzake wa bweni aliwahi kumwandikia.
Ule mji uliotuletea krasha, mji wa makaa ya mawe,
nao umezimwa.
Lifti ya kuteremsha watu ardhini imekaa kimya.
Nyumba za kampuni, namba mlangoni, baridi ndani.
Na mwanamke mmoja, mjane wa mchimbaji,
anauza viazi kwenye ngazi za ofisi ya zamani,
anapima kwa kopo.

Nikauliza: kopo la nini?
Fundi akasema barua haikusema.

Nimeshinda na kopo hilo kichwani.
Mimi napima kwa ndoo ya rangi, lita ishirini,
na mteja akigeuka naitikisa kidogo, kokoto zisilale sana.
Je, na yeye anatikisa?
Jiwe nalivisha pete ya raba lisinirukie machoni,
nyundo inashuka, inashuka,
mpaka jua linapofika kwenye magoti.
Kokoto zangu zimo kwenye maghorofa ya Masaki.
Sijawahi kuingia hata moja. Hawaniruhusu getini
na hili vumbi.

Jioni wavulana huoga shimoni.
Maji ni ya kijani, kina chake hakijapimwa.
Kibao cha HATARI wamekilaza ukingoni,
ndicho wanachokanyaga wakijirusha.
Naita, naita, Tunu rudi huku,
na sauti yangu inagonga ukuta wa mwamba
inarudi kabla yake.
Kampuni ilitaka jiwe. Sisi tumeachiwa
mahali jiwe lilipokuwa.

Leo nimemwomba Fundi aandike barua,
aulize habari ya lile kopo.
Akacheka. Anuani ni ya zamani, akasema,
hata nchi yenyewe imebadili jina,
na yule mama, nani anajua kama bado yupo.

Andika tu, nikamwambia.
A6 haipo,
na inagongewa muhuri.